Kucha Iliyonikosesha Meza ya Bwana

Sabato, saa kumi jioni. Mvua ya mchana imekatika, ukungu bado umelalia mgongo wa kilima cha Manga, na mimi nimekaa nyuma ya nyumba juu ya gogo, mguu wa kulia nimeunyoosha mbele kama bendera ya shule. Ndiyo, najua jua halijazama na Sabato haijaisha. Lakini hii si kazi, ni ushuhuda. Mwenye kulalamika asubiri giza ndipo asome.

Leo nimeoshwa miguu.

Nyinyi wasomaji wangu wote ishirini na wawili, mkiwemo binamu zangu niliowalazimisha, wengine si Wasabato kwa hiyo wacha niwaeleze. Kwetu, kila baada ya miezi mitatu kuna Meza ya Bwana, na kabla ya meza tunaoshana miguu. Wanaume kando, wanawake kando. Unapiga magoti mbele ya mwenzako na beseni, unamwosha, unampangusa na taulo, kisha naye anakuosha, halafu mnaomba pamoja. Kama kuna mtu mmekwaruzana, huyo ndiye unamwendea na beseni. Na ukikwepa, hakuna atakayesema ulikuwa na shughuli. Watasema una jambo.

Mimi nimekwepa robo tano mfululizo.

Sikuwa na jambo. Nilikuwa na kucha.

Kidole gumba, mguu wa kulia. Ilianza na doa la manjano pembeni, dogo kama punje ya wimbi, nikalidharau. Mimi ni mtu wa boda boda. Asubuhi nachuma majani chai ya nyumbani, nayapeleka kituo cha kununulia chai, kisha niko barabarani mpaka jioni, na siku zote hizo niko ndani ya gambuti, buti za mpira. Matope ya Manga hayaruhusu kiatu kingine. Soksi nilikuwa na jozi mbili, na zote mbili zilikuwa mbichi mwaka mzima. Kwa hiyo lile doa lilikula, likalala, likaoa, likazaa. Kabla sijashtuka kucha ilikuwa nene kama pembe ya ndama, rangi ya meno ya mvuta kiko, na chini yake inatoa unga. Ukiigonga inalia ko, ko.

Mtu pekee aliyejua ni Nyakundi, tunayeegesha naye pikipiki pale Keumbu. Nyakundi hakusoma udaktari lakini hilo halijawahi kumzuia.

"Buda, weka maji ya betri," aliniambia. "Tone moja tu. Kila kitu chenye uhai kinakufa."

Nilikuwa na uhai pia, hilo hatukulifikiria. Niliweka tone moja, nikaruka mpaka pikipiki ikaanguka upande wa pili. Ngozi ilibambuka, kucha haikutikisika. Tafadhali mtu asijaribu, hata kama Nyakundi ameapa.

Nikahamia kitunguu saumu. Nilikisaga, nikakifunga kwa kitambaa siku mbili ndani ya gambuti. Mama mmoja niliyembeba kwenda Itumbe alinusa njia nzima, mwishowe akauliza, "Kijana, hiyo mboga umebeba unaiuza?" Nilimwambia imeshauzwa. Nilipofungua kitambaa kidole kilikuwa na malengelenge, na kucha ile ile inanitazama.

Halafu nikasoma kwenye simu kwamba wazungu wanatumia mafuta ya mti wa chai. Mti wa chai! Nikacheka peke yangu. Hawa watu wanahangaika kununua kichupa, sisi tuna ekari nzima nyuma ya choo! Nikachuma majani mawili na kichipukizi, daraja la kwanza kabisa, nikachemsha sufuria nzima na kutumbukiza mguu jioni saba. Mguu ukageuka rangi ya kiti cha mninga. Kuvu ilikunywa chai ikanona. Baadaye sana nilikuja kuambiwa kwamba huo ni mti mwingine kabisa, wa nchi ya mbali, hauna hata undugu na wetu. Kwa nini hawauiti jina lake?

Nikaenda zahanati fulani, sitaitaja. Jamaa aliyekuwa zamu aliangalia kidole sekunde mbili. "Hii ni ya kung'oa," akasema, akaanza kutafuta koleo kwenye trei. Nilikumbuka ghafla kwamba nina abiria. Nilitoka na kiatu kimoja mkononi.

Sasa mtauliza, kwa nini usiende tu kanisani na hiyo kucha yako, nani amekataza? Hamjui ninavyojulikana. Mimi ndiye kijana anayevaa vizuri kuliko wote wa rika langu toka Manga mpaka Keumbu. Mimi ndiye ninayewacheka wengine. Niinue ule mguu mbele ya wanaume arobaini, beseni liwe na unga? Hapana.

Robo ya kwanza nilisema gurudumu limepata panchari. Ya pili nilijitolea kulinda pikipiki za waumini, na mzee mmoja akanisifu kwa moyo wa utumishi. Ya tatu nilienda kusali kwa shangazi. Ya nne niliugua tumbo. Ya tano sikutoa sababu.

Kijiji kikanitolea sababu. Nilipewa wapenzi watatu, mmoja wao mke wa mtu. Nilipewa ulevi wa chang'aa. Kuna walioapa kwamba nimejiunga na chama cha siri cha Nairobi chenye pete. Shemasi alikuja nyumbani mara mbili kuniuliza kama kuna mzigo moyoni, na mimi nikainamisha uso kama mtu mwenye mzigo mzito, maana niliona hadithi zao ni nzuri kuliko yangu.

Afadhali niitwe mwenye dhambi kuliko mwenye kuvu.

Hapo ndipo nilipokuwa mjinga, na nitasema kwa nini nikifika.

Kwanza niwaambie kuhusu Dakta Moraa. Ni daktari wa ngozi katika kliniki moja mjini Kisii, mwanamke mdogo wa umri, mkali wa macho. Nilikuwa nimepeleka abiria pale, mvua ikanikamata kwenye baraza, nikavua gambuti kumwaga maji. Naye akawa anapita.

"Wewe, hiyo kucha ina miaka mingapi?"

"Nimezaliwa nayo, dakta."

"Kucha sawa. Na hao wapangaji?"

Nikaanza kurudisha mguu ndani ya gambuti. Akaniingiza ndani, akakwangua ule unga kidogo akaupeleka maabara, maana alisema si kila kucha mbovu ni kuvu na yeye hatibu kwa kubahatisha. Niliporudi wiki iliyofuata akaniambia ni kuvu kweli, kuvu mnene, mwenye afya.

"Utang'oa?" nikauliza, nikiwa nimeshakaa karibu na mlango.

"Sing'oi. Kuna vidonge, lakini kwa vidonge tungepima ini kwanza, na wewe ni kucha moja na kuvu haijafika kwenye shina. Tutaanza na za kupaka. Ila utahitaji kitu ambacho nyinyi watu wa boda hamna."

"Breki?"

"Subira."

Akaniandikia mafuta ya urea. Urea! Nikauliza kama ni ile ya shambani, kwa sababu tata alikuwa na gunia zima stoo. Tata ni baba yangu, kwa wale wa mbali. Dakta Moraa akaweka kalamu chini. "Usithubutu," akasema. "Najua nyinyi watu wa huku. Ukichota ya gunia, kidole kitachomeka na mimi nitakukana." Naapa nilikuwa sijafikiria. Sawa, nilikuwa nimefikiria.

Ile ya dukani unapaka juu ya kucha peke yake, unafunika na plasta, asubuhi unaosha. Baada ya wiki kama mbili ile pembe ya ndama ililainika ikawa kama jibini, nikaanza kuikwangua taratibu bila maumivu yoyote. Ikabaki kucha nyembamba, mbaya lakini nyembamba. Hapo ndipo ilipoingia dawa yenyewe: kichupa chenye brashi, unapaka kama rangi ya kucha za wasichana. Nyakundi aliponikuta nyuma ya kibanda nimekunja mguu, nimetoa ulimi, napaka, alikaa chini kabisa.

"Na lipstiki unaleta lini, mrembo?"

"Nikiwa mrembo wewe utakuwa wa mwisho kupanda hii pikipiki."

Kupaka si kazi. Kazi ni kuendelea. Kila wiki kukwangua kwa msasa, na msasa nilipewa na rafiki anayesugua vinyago vya mawe ya sabuni kule Tabaka. Vipande vipya, kimoja kwa mguu wangu tu, kikichakaa nachoma. Soksi za pamba jozi sita, kila siku jozi kavu, nyingine kwenye mfuko wa pikipiki. Gambuti jozi mbili za kupokezana, moja miguuni, moja juani. Kukausha katikati ya vidole kama unapangusa glasi za wageni. Kikata kucha changu mwenyewe, hakuna mtu mwingine kukigusa, na nyumbani kwetu ambako wembe mmoja ulikuwa unahudumia ukoo mzima, hilo lilileta kelele.

Kila Jumapili nilipiga picha kidole juu ya jiwe lile lile. Ziko sitini na mbili kwenye simu. Miezi miwili ya kwanza hakuna kitu, nikataka kutupa kichupa mtoni. Mwezi wa tatu, chini kabisa kwenye shina, kukatokea mstari mwembamba wa waridi. Kucha mpya! Yangu! Nilimwonyesha Nyakundi, akasema haoni kitu. Nikamwonyesha na mwanga wa simu. Akasema, "Sawa, naona," ili nimwache. Baada ya hapo ilikuwa kama kumtazama mtu anapanda kilima cha Manga kwa miguu: ukimkazia macho hasogei, ukigeuka ukirudi amefika kona nyingine.

Sitawadanganya, haijaisha kabisa. Kona moja ya mbele imebaki na umanjano, na Dakta anasema nipake miezi miwili zaidi, na hata baada ya hapo soksi kavu ni ndoa, si uchumba. Lakini iliyobaki, jamani, iliyobaki! Laini, inang'aa, unaweza kujitazama ukachana nywele. Kungekuwa na maonyesho ya kucha katika kaunti hii kama yale ya ng'ombe wa maziwa, ningerudi na utepe wa mshindi.

Na mnajua kinachonifanya nijipige kifua zaidi? Mimi sijawahi kumaliza kitu. Shule niliachia kidato cha pili. Ufundi wa magari, miezi mitatu. Mizinga ya nyuki, nyuki wenyewe waliniacha. Siku moja, kabla sijaanza kukwepa, wageni wakiwa wamejaa sebuleni, tata alisema kwa sauti, "Huyu ni wa kuanza. Kumaliza atawaachia wengine." Watu wakacheka. Mimi niliinuka nikaacha ugali, nikatoka.

Nilikasirika siku mbili, halafu nikasahau. Mimi si mtu wa kuweka vitu moyoni.

Kumbe mwenzangu aliweka.

Mwezi jana tulikuwa tunachuma majani, mimi na mama, mistari imeandamana, mikono inaenda. Mama hazungumzi sana akichuma. Akasema tu, bila kunitazama: "Tata yako anahesabu robo. Anasema hutaki kuoshana naye kwa sababu ya yale maneno ya siku ya wageni. Anasema amekupoteza." Kisha akatupa majani kwenye kikapu mgongoni akasonga mbele.

Mikono yangu ilisimama.

Robo tano! Mwaka na zaidi, mimi nafurahia wapenzi watatu wa kupewa, na mzee wangu, mzee wa kanisa mwenye suti moja, anarudi nyumbani kila Meza ya Bwana akidhani mwanawe hamsamehi. Ndiyo maana tulikuwa tunaongea habari za ng'ombe na mvua peke yake. Ningeweza kumwambia siku ile ile. Sikumwambia. Nilijipa sababu kwamba nataka aione kucha ikiwa nzuri kwanza. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu yangu niliiona kubwa kuliko uchungu wake. Hilo naliandika hapa na silifuti.

Basi leo.

Wanaume tulikuwa kwenye darasa la watoto, mabenchi mafupi, magoti yanagusa kidevu. Mabeseni yako chini, maji ya uvuguvugu, taulo zimekunjwa. Nilikuwa nimepanga kila kitu: nitachukua beseni, nitatembea mpaka kwa tata, nitapiga magoti, nitasema. Nilikuwa bado nafungua kamba za kiatu nilipoona viatu vyake mbele yangu. Amenitangulia. Suti ile ile, beseni mkononi, maji yanatikisika.

"Momura," akasema. Hivyo ndivyo tunavyomwita kijana wa kiume, lakini yeye alikuwa hajaniita hivyo siku nyingi. "Utakubali?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akapiga magoti, moja kisha lingine, polepole. Akanivua soksi yeye mwenyewe. Mguu wa kushoto akauosha, akaushika wa kulia, na mimi nikawa nangoja. Aliosha kidole kama vile vingine. Hakuona kitu! Mwaka mzima wa kazi na mtu hata hakusimama!

"Tata," nikanong'ona, "nilikuwa na kucha mbaya."

"Nini?"

"Hizo robo zote. Ilikuwa kucha. Hii. Ilikuwa na kuvu, nikaona haya."

Akakiinua kidole karibu na macho, akakigeuza huku na huku, kama anavyotazama ndama sokoni.

"Kucha?"

"Kucha tu."

"Si yale maneno yangu?"

"Yale yalinikasirisha siku mbili, tata. Ya tatu nilikuwa na njaa."

Aliinama juu ya beseni mabega yakaanza kutikisika. Shemasi akadhani analia, akaja na leso. Mimi niliyekuwa karibu naye nawaambia alikuwa anacheka. Lakini leso aliichukua, na aliitumia.

Tukabadilishana. Akakaa kwenye benchi langu, nikapiga magoti, nikamvua kiatu. Niliposhika soksi yake niliona mkono wake umeizuia kidogo. Halafu ukaiachia.

Vidole vyote vitano. Mguu wa pili, vyote vitano. Kucha nene, za njano, zimejikunja kama mawe ya Tabaka kabla hayajaguswa na tindo. Yangu ilikuwa mtoto mbele ya hizi. Hizi zilikuwa na wajukuu.

Nikainua macho. Tata alikuwa anatazama dirishani. Na hapo ndipo nikaelewa kwa nini miaka yote mwenzake wa kuoshana ni Mzee Ontiri, ambaye macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Leo Ontiri alikuwa amekaa pale pale kona yake, anamngoja. Tata alimpita akaja kwangu mimi, mwenye macho mawili na mdomo mmoja mkubwa, akijua kabisa nitakachoona.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilipata utani mzuri na sikuutoa.

Nikaosha. Nilichukua muda mrefu kuliko wengine wote. Nikapangusa katikati ya kila kidole, kimoja kimoja, kama nilivyofundishwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana, kwa Ekegusii, lugha yetu, bila kuondoa macho dirishani: "Ile yako, ulifanyaje?"

Tata ananiuliza mimi nilifanyaje!

"Kuna daktari Kisii. Jumatatu nitakupeleka."

"Wanang'oa?"

"Yule hang'oi. Wewe labda atakupima ini, akupe na vidonge. Kucha kumi si moja."

"Inachukua muda gani?"

"Mwaka. Mwaka na nusu. Pengine zaidi."

"Nitachoka."

"Wewe kupaka utachoka. Nitapaka mimi."

Akaomba yeye. Alimtajia Mungu mvua, ng'ombe, mama, kisha akataja kucha, zangu na zake, mbele ya watu, kwa sauti ya mzee wa kanisa. Kuna mtu nyuma alisema amina akiwa na maswali. Halafu tukaenda mezani, mimi na yeye, bega kwa bega, na nadhani kifua changu kilifika mezani kabla yetu.

Sasa hivi ninapoandika, yuko pale kwenye baraza la nyuma. Amevua viatu na soksi, amenyoosha miguu, kijua cha baada ya mvua kinampiga vidole vyote kumi. Mama ametoka na chai, akaiona ile miguu, akasimama, akaweka kikombe, akarudi ndani. Nimemwona anatabasamu mlangoni.

Tata ni mgonjwa mkaidi. Hataki kuambiwa, gambuti yake ni ya tangu niko darasa la tatu, na soksi anaamini ni za Sabato peke yake. Kucha kumi, labda miaka miwili, kila wiki msasa na brashi na kelele. Je, nitamweza?

Nitamweza. Nani mwingine katika nyumba hii ana uzoefu?